Zawadi ya mtoto mchanga: namna ya kuchagua kitu kitakachotumika

Zawadi ya kwanza niliyompelekea mtoto mchanga ilikuwa suti. Suti kamili: koti, shati, suruali yenye mikanda ya mabegani, na tai ndogo ya kipepeo. Niliishika dukani nikacheka peke yangu. Mama mtoto naye alipoifungua alicheka, akasema "jamani!", akaipiga picha, akaikunja vizuri. Miaka miwili baadaye akanipigia simu kuniuliza kama namjua mtu aliyepata mtoto wa kiume, maana anayo suti haijavaliwa hata siku moja. Alikuwa amesahau ni nani aliyeileta. Nikamwambia sijui mtu.

Nilikuja kumwelewa nilipopata mtoto wangu. Saa tisa usiku, taa imefifia, mtoto amejichafua mpaka mgongoni na analia kwa sauti ambayo huamini inatoka kwenye kifua kidogo namna ile. Mkono mmoja umemshikilia, wa pili unapapasa kutafuta kifungo. Saa hiyo hujali nguo ni nzuri kiasi gani. Unachotaka ni ifunguke. Tangu hapo kila ninapoingia dukani kutafuta zawadi ya mtoto najiuliza: hiki kitu kitashikwa na nani, lini, na mkono wake wa pili utakuwa umeshika nini?

Kutoa ni moyo, tunasema. Ni kweli, ila kichwa nacho kiende dukani. Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi.

Hatua ya 1: Uliza, lakini uliza swali linalojibika

Ukimuuliza mzazi "nikuletee nini?" atakujibu "usijisumbue, njoo tu." Hakudanganyi, lakini hajakujibu pia. Amechoka, na kukaa kupanga orodha ya mahitaji yake kwa ajili yako ni kazi nyingine umemwongezea. Mpe mambo mawili achague: "Nipo dukani, nichukue nepi au taulo?" Atajibu kwa neno moja huku ananyonyesha.

Bora zaidi, muulize mtu aliye karibu naye: mumewe, dada yake, mama yake, rafiki anayeshinda pale. Huyo ndiye anayejua kwamba kabatini kuna mablanketi manane na hakuna hata kitambaa kimoja cha kumfutia mtoto mdomo.

Kuna mambo machache ya kuyapata katika mazungumzo hayo. Mtoto ni wa kwanza au ni wa tatu? Wa tatu ana kaka na dada waliomtangulia, na nguo zao zipo kwenye begi juu ya kabati. Mama yake anahitaji zaidi vitu vinavyoisha kuliko vinavyodumu. Ni mmoja au ni mapacha? Kama ni mapacha, usipeleke kitu kimoja wagawane, na wala si lazima viwe sare, ni watu wawili. Alizaliwa na uzito gani? Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, nguo za saizi ya kawaida zinammeza, na miezi iliyoandikwa kwenye lebo haimhusu kwa muda mrefu.

La mwisho: wako nyumbani tayari? Kama mtoto bado amelazwa, zawadi yake isubiri. Wodi nyingi za watoto wachanga zina masharti ya nini kinaingia na nini hakiingii, na mara nyingi mtoto aliyeunganishwa mipira hawezi kuvaa ulichonunua. Anayehitaji kitu wakati huo ni mama anayekwenda na kurudi kila siku. Mpe nauli, mpe chakula, mchajie simu, mpeleke kwa gari ukiwa nalo.

Na usitangulie. Wapo wazazi wasiopenda kitu chochote cha mtoto kiingie nyumbani kabla hajazaliwa. Sababu zao ni zao; wewe kinunue, kikae kwako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya miezi kabla ya kutazama rangi

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kilo tatu na kitu, urefu karibu sentimita 50. Akifika miezi mitano hivi uzito ule umekuwa mara mbili. Akitimiza mwaka umefika mara tatu, na urefu unakaribia sentimita 75. Hakuna kipindi kingine maishani ambapo mtu anakua kwa kasi hiyo.

Sasa fikiria mnunuzi yuko dukani. Anavutwa na zile nguo ndogo kabisa kwa sababu ndizo zinazotia huruma, soksi za kuingia kidole gumba. Nguo hizo huvaliwa wiki chache tu, na wapo watoto wanaozaliwa wamekwisha kuzipita. Na kila mgeni amevutwa na zilezile. Matokeo yake mtoto ana nguo ishirini za mwezi wa kwanza, na akifika mwezi wa saba mama yake anakata vidole vya soksi za ovaroli ili miguu ipate pa kutokea.

Kwa hiyo nunua ya mbele. Saizi ya miezi 6 hadi 9, au 9 hadi 12, ni salama karibu kila mara. Hakuna anayekasirika kwa nguo kubwa, itasubiri. Iliyobana haina pa kwenda.

Ukinunua ya mbele, kuna hesabu moja ambayo watu wengi, mimi nikiwemo, huisahau: hali ya hewa. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa kwanza atafika umri wa miezi 6 hadi 9 kati ya mwezi wa saba na wa kumi. Pale anapoishi, miezi hiyo ni ya joto au ya baridi? Niliwahi kununua sweta zito la sufu lenye masikio ya sungura, saizi ya miezi sita, kwa mtoto ambaye miezi yake sita iliangukia kwenye joto kali kuliko yote ya mwaka. Baridi iliporudi, sweta lilimfika kifuani. Hesabu kwa vidole palepale dukani, si aibu.

Lebo nazo zisikutawale. "Miezi 3 hadi 6" ya kampuni moja ni "6 hadi 9" ya nyingine. Zile zinazoandika kilo au sentimita ndizo za kuamini, kwa sababu mtoto hupimwa kila anapopelekwa kliniki na mama anazijua kilo za mwanawe kuliko namba yake ya simu. Nepi ni vivyo hivyo, soma kilo.

Vitu vya kuchezea pia vina hesabu yake. Mtoto huanza kunyoosha mkono na kukamata kitu kwa kukusudia akiwa na miezi mitatu au minne. Hukaa bila kushikwa karibu na mwezi wa sita, wakati huohuo meno yanaanza kumsumbua. Kutembea ni karibu na mwaka, wengine mapema, wengine wanajipa muda wao. Gari la kusukuma kwa mtoto wa wiki mbili ni zawadi nzuri, mradi mzazi awe na mahali pa kuliweka miezi kumi bila kulikanyaga.

Hatua ya 3: Nguo usiitazame tu, ikague kwa mikono

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu nguo ndiyo zawadi inayonunuliwa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi.

Ichukue nguo, igeuze nje ndani. Tazama mishono. Ndani ya soksi, ndani ya glavu za mtoto, ndani ya ovaroli zilizofungwa miguuni, mara nyingi kuna nyuzi zinazoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu wa mtoto unakaza kidogo kidogo na kukata damu, na mtoto analia saa nzima watu wanadhani ni tumbo. Nyuzi nyingi, rudisha rafuni. Nyuzi moja mbili, zikate ukifika nyumbani.

Halafu shika shingo ya nguo na uivute. Kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na hakuna mtoto anayependa kuvishwa nguo inayomkwama kwenye paji la uso. Tafuta zile vesti ambazo mabega yake yanapishana, kipande cha mbele kimelala juu ya kipande cha nyuma. Wengi wanadhani ni mtindo tu. Kazi yake ni hii: nepi ikivuja mpaka mgongoni, huivui nguo kwa kuipandisha kichwani na kumpaka mtoto uchafu wote usoni. Unatanua mabega, unaishusha chini, inatokea miguuni. Mimi nilivalisha mtoto miezi mitatu ndipo bibi mmoja akanionyesha. Nilitaka kulia.

Vifungo viwe vya kubonyeza, au zipu. Ukiweza kupata zipu inayofunguka kutoka chini, chukua, kwa sababu usiku nepi inabadilishwa bila kumfunua mtoto kifua akapigwa na baridi. Vifungo vya mviringo vya kushona ni vizuri kwenye picha. Vivute kwa nguvu, kama unataka kuving'oa. Kinacholegea mkononi mwako kitang'oka mdomoni mwake. Kamba shingoni, kamba kwenye kofia, riboni ndefu kiunoni, vyote hapana, hunasa na kukaba.

Pitisha kiganja upande wa ndani wa nakshi na maandishi ya kushona. Upande wa nje ni ua, upande wa ndani ni msasa, na msasa huo utalala juu ya ngozi laini kuliko ya kope zako. Pamba tupu iliyofuliwa mara kadhaa inashinda vyote, ndiyo sababu mimi sioni haya kupeleka nguo za mtoto zilizotumika, safi, zilizonyooshwa, kwa mtu ninayemjua hatachukia. Nguo ya mtoto mchanga haichakai, haipati muda.

Jaribio la mwisho, na watu wa dukani wamenizoea: nafumba macho, nafungua na kufunga nguo kwa mkono mmoja. Nikishindwa mimi niliyelala usingizi wa kutosha, mama wa kichanga atafanyaje?

Nguo ya kutokea moja si dhambi. Kila mtoto anapigwa picha. Lakini iwe moja kati ya tatu, na mbili ziwe za kushindia.

Hatua ya 4: Vitu vya kuviacha dukani

Duka kuuza kitu si ushahidi kwamba kinamfaa mtoto. Kubwa kuliko yote hapa ni vitu vya kitandani. Mtoto analazwa chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, peke yake: hakuna mto, hakuna mablanketi mazito yaliyolegea, hakuna wanasesere, hakuna zile godoro nyembamba za kuzungushia kingo za kitanda. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana katika nchi zote mbili. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria ya kupiga marufuku hata zile kingo laini za kitandani. Bado seti nzima ya mto, shuka, mfarishi na kingo inauzwa katika boksi lenye utepe, na ndiyo zawadi inayopendeza kuliko zote ukiiweka mezani. Ukitaka kumpa mtoto joto la usiku, tafuta mfuko wa kulalia usio na mikono, wa saizi yake, unaofungwa mabegani. Hauwezi kumfunika uso.

Vingine vya kupita bila kusimama:

- Kigari cha matairi cha kumfundishia mtoto kutembea. Hakimfundishi; kinampeleka kwenye ngazi na jiko haraka kuliko mzazi anavyoweza kukimbia. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.
- Mkufu wa kaharabu wa kutuliza maumivu ya meno. Unaweza kukaba shingo, na shanga zikikatika zinaingia kooni.
- Kitu chochote chenye betri bapa kama sarafu ambayo haijafungwa kwa skrubu. Ikimezwa na kukwama, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Kadi za pongezi zinazoimba nazo zinazo.
- Sumaku ndogo, shanga, macho ya plastiki kwenye mdoli. Kipimo cha nyumbani: bomba la karatasi lililobaki tishu ya chooni ikiisha. Kinachopita humo, mtoto wa chini ya miaka mitatu asikipate. Mdoli uwe na macho ya kushonwa kwa uzi.
- Poda. Inapeperuka, inaingia mapafuni, na ngozi ya mtoto haikuihitaji.
- Manukato na losheni zenye harufu kali. Mtoto anamtambua mama yake kwa harufu, msimfiche.
- Asali, hata tone. Chini ya mwaka mmoja haitolewi kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa Clostridium botulinum ambazo utumbo mchanga hauwezi kuzizuia.
- Kiti cha gari kilichotumika ambacho hujui kimepitia nini. Kikiwa kwenye ajali mara moja, kazi yake imeisha, hata kama kwa macho ni kizima.

Maziwa ya kopo na chupa vinataka neno lake. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, na tangu mwaka 1981 ipo kanuni ya kimataifa inayowataka watengenezaji wasiwape akina mama sampuli za bure. Wewe si mtengenezaji. Lakini siku ya nne, maziwa yanachelewa, chuchu zimechanika, mama analia chooni, halafu mgeni anaingia na kopo lenye picha ya mtoto mnene. Anasoma nini hapo? Anasoma hukumu. Kama mwenyewe ameomba maziwa, hiyo ni habari nyingine: nunua yaleyale aliyoyataja, jina na namba iliyo kwenye kopo, usibadilishe kwa sababu mengine yana punguzo.

Hatua ya 5: Usidharau vitu visivyo na picha nzuri

Mtoto mchanga humaliza nepi nane mpaka kumi na mbili kwa siku. Pakiti ya nepi 60 inaisha kwa wiki moja hivi, au kabla. Hakuna atakayeipiga picha, na ndiyo itakayofunguliwa kwanza ukishatoka. Chukua saizi iliyo mbele ya ile anayovaa sasa. Kama familia inatumia nepi za kitambaa, wapelekee vitambaa zaidi, havijawahi kutosha nyumba yoyote yenye siku za mvua.

Vitambaa laini vya pamba, mraba, vya mkono mmoja kila upande, ni kati ya zawadi ninazozipenda kuliko zote. Vinawekwa begani mtoto akicheulishwa, vinafuta, vinafunika, vinatandikwa. Peleka kumi na mbili. Taulo lenye kofia pembeni, kikata kucha chenye ncha butu, beseni la kuogea lenye mgongo wa kuegemea: vyote vina kazi kila siku.

Na kipimajoto cha kidijitali. Hiki huwa nakisindikiza na karatasi ndogo yenye maneno machache: mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali. Mtu mmoja aliniambia baadaye karatasi ile ilikaa mlangoni mwa friji mwaka mzima.

Hatua ya 6: Mtazame aliyembeba

Mtoto ana wageni. Mama yake ana kidonda. Atatoka damu wiki kadhaa, mpaka sita kwa wengine. Kama alifanyiwa upasuaji, hata kucheka kunamuuma. Siku ya tatu mpaka ya tano machozi yanamtoka bila sababu anayoijua. Watu hamsini wanapita wakimuuliza mtoto anaitwa nani.

Mpelekee kitu chake. Pedi kubwa na laini za uzazi, ukiwa mtu wa kumpelekea pedi. Gauni la kulalia linalofunguka mbele, kwa ajili ya kunyonyesha. Chupa kubwa ya maji yenye mrija, kwa sababu kiu ya mama anayenyonyesha inamshika akiwa amekaa, mtoto amelala juu yake, na glasi iko mbali kwa inchi mbili. Chakula kilichopikwa, kikiwa kwenye chombo usichokitaka kirudi. Hiyo ya chombo ni muhimu. Nyumba ile ina mabakuli ya watu saba tayari na kila moja ni deni.

Usimpelekee mkanda wa kupunguza tumbo. Sihitaji kueleza.

Muda wako nao ni zawadi, ila upe tarehe. "Ukihitaji chochote niambie" haijawahi kumfulia mtu nguo. "Jumamosi saa nne nakuja kufua, wewe lala" inafua. Andika kwenye kadi, siku na saa, halafu uende kweli. Na endapo baada ya wiki mbili unamwona bado amezama katika huzuni, halali hata mtoto akilala, hamtazami, hilo si la taulo tena. Kaa naye, na umsindikize kwa mtaalamu wa afya.

Baba pia yupo, amesimama pembeni na mfuko wa takataka. Nilishawahi kumpa baba mmoja mbeleko ya kumbebea mtoto kifuani, ya rangi aliyoichagua mwenyewe, na ndiye aliyeitumia zaidi ya mkewe. Hakikisha ni ile inayomshika mtoto mapaja, magoti yakiwa juu kuliko makalio, uso ukionekana na pua iko wazi. Si ile inayomning'iniza kwa katikati ya miguu.

Kama kuna mtoto mkubwa nyumbani, mwenye miaka miwili, mitatu, minne, weka kitu kidogo mfukoni kwa ajili yake, na kitoe kwanza, kabla hujamtazama mdogo. Kitabu cha picha, penseli za rangi, chochote. Huyo ndiye aliyepokonywa mapaja.

Hatua ya 7: Zawadi ya kumbukumbu, ikiwa lazima

Mtoto wa siku chache anaona vizuri umbali wa sentimita 20 mpaka 30, yaani kutoka titi mpaka uso wa mama, na michoro yenye utofauti mkali, nyeusi juu ya nyeupe, ndiyo inayomshika macho. Kitabu cha kurasa ngumu chenye michoro hiyo kitamfaa leo, kitamfaa akianza kukitafuna, kitamfaa akianza kukifungua. Andika jina lake na tarehe ndani ya jalada.

Albamu za kujaza "jino la kwanza" na "hatua ya kwanza" hujazwa kurasa nne, kisha mzazi anabeba hatia kwa miaka kumi. Kama unataka kuacha kumbukumbu, mwandikie mtoto barua ya ukurasa mmoja: siku aliyozaliwa ulikuwa unafanya nini, mama yake alikuwa mtu wa namna gani kabla hajawa mama. Ifunge. Haina saizi, haitaki betri.

Hatua ya 8: Fedha

Weka kiwango kabla ya kutoka nyumbani. Kitu kidogo kinachotumika kila siku kinatosha. Kikubwa kama kitanda, kiti cha gari au kigari cha kumsukumia, changeni watu watano au sita, na mmoja wenu awe amewauliza wazazi wanataka kipi, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kushindwa kupita mlangoni. Fedha taslimu kwenye bahasha ni zawadi kamili. Asikudanganye mtu kwamba ni uvivu.

Hatua ya 9: Ifunge, ipeleke, ondoka

Toa bei, acha lebo ya saizi, usikate zile za nguo. Risiti iweke kwenye bahasha ndogo ndani ya mfuko na useme wazi, "ikiwa haifai, kabadilisheni." Sema mara moja tu na usiulize tena kama ilivaliwa. Karatasi ya kufungia isiwe na vumbi la kung'aa. Linaganda kwenye mikono ya mama na kuishia kwenye kope za mtoto.

Piga simu kabla ya kwenda. Ukiwa na mafua, kikohozi, au kidonda mdomoni, tuma zawadi kwa mtu mwingine, wewe nenda ukipona. Ukifika, nawa mikono kabla hujaombwa. Usimbusu mtoto usoni wala mikononi, mikono ile inaingia mdomoni muda wowote. Akipewa mwingine ambebe, usinyooshe wewe mikono. Ngoja mama akwambie.

Dakika ishirini na tano zinatosha. Zawadi iache kwenye kiti, wasilazimike kuifungua mbele yako. Ukipita jikoni ukakuta sinki limejaa, osha vyombo, kausha, kisha vaa viatu.